Upande Unaonata

Esteria huchapa picha sebuleni kwake, hapa Bariadi, na kazi anaijua. Karatasi yake ya picha haing'ai. Pande zote zinafanana, lakini ni upande mmoja tu unaoshika wino. Kwa hiyo hulamba kidole, akagusa kona. Panaponata, hapo ndipo pa kuchapa.

Mama Nyanjige alifika kutoka Lalago na simu ya Nyanjige mwenyewe, binti yake aliyezikwa juzi, ili achapiwe picha ya marehemu. Akapiga magoti, akamwamkia kwa Kisukuma kama anayemwamkia mama yake, "Mwangaluka, mayu," akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Mtu mzima anakupigia magoti, nawe unamwona nzi! Esteria alichomeka karatasi bila kuigusa kona, akachapa, akaifuta picha kwenye kompyuta, akamwambia aende.

Wiki iliyofuata mama alirudi, akakunjua kitenge alichofungia picha. Uso wa binti ulikuwa umehamia humo, bluu na nyeusi, bila macho. Karatasi ilibaki na ukungu tu.

"Nichapie tena, mayu. Ile simu ndugu wa mumewe waliichukua, wakafuta kila kitu."

"Nami nilishafuta. Nani alikutuma ufunge picha kwenye nguo?"

Mara mke wa diwani akaingia na picha za harusi. Esteria akainuka akitabasamu, akatoa karatasi, akalamba kidole, akagusa kona, akageuza, akagusa tena.

Mama Nyanjige aliacha kukunja kitenge.

"Mayu, hicho kidole, kwa mwanangu ulikilamba?"

"Mama, sogea mlangoni. Unanizibia mwanga."