Stempu Mbili kwenye Bahasha Moja

Kila mji ninaopita, na nimepita mingi, huwatafuta kwanza wauza stempu. Nataka bahasha moja tu. Nikiwaeleza ilivyo, wananicheka.

Ilikuwa wakati Katanga yetu ilipojitangaza nchi. Lubumbashi bado iliitwa Élisabethville, na askari wa amani kutoka India walikuwa wamepiga kambi mjini. Yaya, dada yangu mkubwa, aliwafulia nguo, na kwa magwanda yao sisi tulikula. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, kazi sina, nakusanya stempu.

Siku moja Yaya alikuta katika shati la sajenti mmoja barua iliyofungwa, ya kwenda kwa mama yake. Stempu yake ilikuwa na ramani ya India, na juu ya ramani yamepigwa chapa maneno meusi ya kutaja jeshi lao la Kongo. Posta yetu haikuuza kitu kama hicho.

"Usiguse," Yaya akasema. "Iko barua ya mama ya muntu."

Akatoka kuanika. Maji ya bukari, ugali wetu, yalikuwa yanachemka; nikaishika bahasha juu ya mvuke, stempu ikabanduka yenyewe. Wizi? Hapana, nililipa. Mahali pake nilibandika ya Katanga, mpya, yenye sanamu ya kuchonga, nzuri kuliko ile ramani. Gundi ilikuwa bukari ya jana.

Siku mbili baada ya nguo na barua kurudishwa kambini, sajenti akaja, bahasha mkononi, na Kiswahili chake cha sokoni.

"Mama, karani ya kambi anacheka. Anasema tembre hii, hakuna inchi inaijua. Anauliza kama mimi nahamia kwa Katanga! Barua haiendi. Nguo yangu, nitapeleka kwa mwingine."

Yaya alinigeukia. "Weye! Sahani yetu ile inaondoka! Leta tembre ya huyu baba ya bantu!"

Nikaileta. Sajenti akapapasa ile ya sanamu, akakuta uvimbe. "Hii kilima gani?"

"Bukari," nikasema.

"Mama yangu atafikiri nakula gundi!"

"Kumbe hujaonja?" Yaya alikwisha kumvutia kiti. Sajenti akala, akaongezwa, akalamba vidole. Nilipotaka kuibandua ya Katanga, akanizuia. "Acha. Mama aone mahali niko." Akabandika ramani yake kando ya sanamu, kwa bukari hiyohiyo. Nguo zake zikabaki kwetu. Soksi nikafua mimi, mwezi mzima.

Barua ilifika. Mama yake alijibu kuwa ile sanamu ilimtazama vibaya.

Sasa nimevuka arobaini, stempu zangu nyingi zimepotea njiani, na bado naitafuta bahasha ile. Wauzaji huuliza nitaitambuaje. Nawaambia wapapase: chini ya sanamu pana bonge. Yaya hadi leo anakana. Bukari yake, anasema, haijawahi kuwa na bonge.