Besi na Sufuria Katika Gari la Matanga

Walisema sitaweza. Mafundi wa redio za gari pale Yeoville, mtaa wetu wa ugenini, walitazama diploma yangu ya umeme niliyoipata Uvira, wakacheka. "Besi nzito inataka boksi kubwa la spika," mmoja aliniambia, "na boksi kubwa linakula buti. Chagua, ndugu, muziki au mizigo." Nikamjibu kwamba yeye hakusoma. Leo nina karakana yangu hapa nyumbani Uvira, na jibu hilo silijutii.

Gari la kwanza nililopewa lilikuwa la jirani yangu, Mkongo mwenzangu aliyeishi kwa kuhudumia matanga. Mtu wetu akifa, alipeleka viti, sufuria kubwa ya bugali, ugali wa kwetu, na nyimbo zilizopigwa kutoka garini mlango wa nyuma ukiwa wazi. Boksi lake la zamani lilijaza nusu ya buti. Alilazimika kwenda mara mbili, na wafiwa walimsubiri wamesimama. Familia zilianza kumwita mtu mwingine. Akaniomba nimtengenezee boksi lisilokula buti.

"Ukiharibu hii," aliniambia, "mimi narudi kulinda magari ya watu."

Sikuwa na chombo hata kimoja. Drili niliazima kwa fundi viatu. Msumeno wa umeme, na ua wa kufanyia kazi, nilipewa na mzee seremala wa mtaa wa La Rochelle. Alikaa akikohoa, akinitazama, wala hakuuliza uzoefu wangu.

Nilitengeneza boksi bapa lililotanda sakafu yote ya buti. Viti vyote viliingia juu yake, na besi ilitetemesha mabati ya ua. Nilijisifu Yeoville nzima.

Siku ya matanga ya kwanza, tukipakia, sufuria ilikataa kuingia. Boksi lilikuwa limeinua sakafu, na mimi nilipima viti tu. Mama mpishi alisimama na mwiko wake. "Mwenye diploma," akasema, "leo tutapika bugali ndani ya spika yako?" Wafiwa walikula mkate mkavu.

Nilirudi kwa mzee. Pembeni mwa buti, nyuma ya plastiki zilizofunika matairi, mlikuwa na uwazi usiotumika. Humo niliumba maboksi mawili madogo kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi, yakafuata mikunjo ya bodi. Spika moja kubwa nikaibadilisha kwa mbili ndogo. Niliziba kila upenyo wa hewa, nikabandika mikeka ya lami kwenye bati lisipige kelele. Sakafu ikarudi chini.

Mzee aligonga boksi kwa kidole. "Lete sufuria kwanza," alisema kati ya vikohozi. "Muziki tutausikia baadaye."

Sufuria iliingia. Lakini mzee hakuusikia muziki; kikohozi kilimuua kabla. Matanga ya kwanza yaliyohudumiwa na gari lile lililorekebishwa yalikuwa yake mwenyewe. Viti, sufuria na nyimbo vilifika kwa safari moja, na hakuna mfiwa aliyesimama. Mlango wa nyuma ulifunguliwa katika ua ule ule, besi ikatetemesha mabati yale yale. Mafundi wa Yeoville walikuwepo, vichwa chini.

Baada ya maziko nilirudisha drili kwa fundi viatu. Kisha nikampelekea mjane wa mzee msumeno, nimeupaka mafuta na kuufunga kwa kitambaa safi.

"Wenzake walimwambia hatauona msumeno huu tena," alisema.

"Na yeye, mama?"

"Aliuacha ukutani msumari wa kuutundikia."

Akautundika hapo. Sikubaki na kitu cha mtu yeyote.