Bwana Harusi wa Kifungo cha Nje

Mwingereza alipogeuza adhabu ya wizi wa karafuu kutoka faini kuwa kifungo, jela yetu Pemba ilijaa hata mbu wakakosa pa kutua. Mhogo ukaisha, mikeka ikaisha! Mjomba wangu alikuwamo, na harusi yake imebaki wiki moja. Mara wenye vifungo vifupi wakaambiwa wafanye kazi mchana, usiku walale makwao. Mjomba akaoa!

Asubuhi ya kwanza ya fungate, askari jela akabisha hodi.

"Bwana harusi hatoki siku saba!" akafoka shangazi wa bibi harusi.

"Basi, Bi Mkubwa, nimrudishe akalale na wezi?"

Shangazi akamsukuma mjomba nje mwenyewe. Mjomba akafyeka majani ya kando ya barabara akinukia udi, mji mzima wa Mkoani ukimpigia vigelegele!