Jina la Babu katika Daftari la Bwana Haldar

Mwanangu, siku niliyokwenda Narung'ombe na Bwana Haldar naikumbuka kuliko siku niliyooa, na marehemu mke wangu anisamehe kwa kusema hivyo.

Bwana Haldar alikuwa Mhindi wa Bengali. Kwao aliandika vitabu vya historia, habari za wakulima chini ya Mwingereza. Huku alifika kama karani wa stoo, wazungu walipofungua mashamba ya karanga Nachingwea. Karanga ziliposhindwa, wazungu walifunga virago, yeye akabaki. Alisema amekuta nchi yenye wazee wengi na maandishi machache, na mtu wa kazi yake hawezi kuiacha nchi kama hiyo.

Kila Jumapili alipanda baiskeli akaenda Mnero, Chunyu, kokote alikosikia kuna mzee anayekumbuka. Watu walimwita Mhindi wa Kuuliza, wakamcheka. Hakukasirika, kuuliza si ujinga. Habari moja aliiuliza katika nyumba tatu. Akimaliza kuandika, alimsomea msimulizi yote, kisha akamwuliza, "Ni hivyo?" Hakuondoka kabla hajajibiwa. Sijaona tena msomi akimwomba mkulima ruhusa namna ile.

Mimi nilikuwa na darasa la nne langu na majivuno mengi. Nilikuwa mkalimani wake wa Kimwera.

Narung'ombe tulimkuta Bibi Nambunga, aliyekuwa msichana mdogo wakati Mjerumani analipiza kisasi baada ya Maji Maji. Alisimulia jinsi watu walivyoficha vihenge vya mtama porini, na jinsi askari walivyoletwa moja kwa moja hadi pale, wakavichoma vyote. Njaa ikawachukua wadogo zake wawili. "Aliyewaongoza," akasema kwa Kimwera, "alikuwa Likwata."

Likwata ni babu yangu, mzaa baba. Jambo hilo sikuwahi kulisikia. Ulimi ulikuwa mzito, kisha ukawa mwepesi kupita kiasi. Nikamwambia Bwana Haldar, "Anasema askari waliona moshi, wakaufuata." Akaandika.

Akaanza kusoma kwa Kiswahili. Bibi alikuwa akipepeta ufuta. Ungo ukasimama.

"Moshi gani? Mume wangu, mimi nimesema moshi?" Kwetu bibi ni mtani wa mjukuu, humwita mume, lakini siku ile utani uliniunguza. "Kiswahili changu cha sokoni, lakini jina la Likwata ni lile lile kwa lugha zote. Mbona sijalisikia?"

"Likwata ni nani?" akauliza Bwana Haldar.

"Muulize huyo hapo. Si unaona pua? Ni ile ile."

Nikasema, "Ni babu yangu."

Nilingoja anifukuze. Yeye alipiga mstari mwembamba juu ya maneno yangu, yakabaki yanasomeka. "Tuyaache yaonekane," akasema. "Atakayesoma ajue kwamba hapa tulikosea." Kisha akamgeukia Bibi, akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria kabisa: "Kwa nini Likwata aliwaongoza?"

"Walimshika mwanawe. Mtoto wa kunyonya, wakamning'iniza kwa mguu juu ya moto. Wewe ungefanyaje?" Bibi akaurudia ungo wake. "Nilimchukia Likwata mpaka nilipozaa."

Babu alikuwa na mwana mmoja tu. Mtoto yule alikuwa baba yangu.

Nilitaka kuliokoa jina la babu, kumbe jina lilikuwa midomoni mwa watu siku zote. Nilichokuwa nakizika ni sababu yake. Mficha uchi hazai, mwanangu.

Kurudi, Bwana Haldar hakupanda baiskeli. Tulitembea tukizisukuma baiskeli zetu. "Wewe si mwongo," akaniambia. "Wewe ni mjukuu. Lakini pale nilihitaji mkalimani." Kisha akanieleza kuwa babu yake mwenyewe, huko Bengali, alikuwa mkusanya kodi wa bwana mwenye ardhi, na mwaka wa njaa aliwanyang'anya wakulima mchele majumbani mwao. Bwana Haldar aliyaandika hayo kitabuni, na jina la babu yake akaliweka. Kaka zake hawakula naye tena. Nikamuuliza kama anajuta.

"Kaka zangu nawakumbuka kila siku," akasema. "Kujuta, hapana."

Alifariki miaka michache baada ya uhuru. Kuni za kumchomea nilizikata mimi, maana ndiyo dini yao. Kitabu cha habari zetu hakikuchapwa. Madaftari manne aliniachia. Moja lililiwa na mchwa kwa uzembe wangu.

Mwezi uliopita tulimzika mdogo wangu. Ninyi vijana wetu mliandika wasifu, ukasomwa mazikoni: hakuwahi kugombana na mtu, pombe hakuijua. Nilikwenda kumlilia mdogo wangu, nikasikia mnamzika mtu mwingine. Mdogo wangu alikunywa miaka mingi, akauza hadi mikorosho ya baba yetu. Halafu akaacha, kwa nguvu zake, akapanda mikorosho mingine. Mmemvua aibu yake, na ushindi wake mmeuvua pamoja nayo. Nilinyamaza, na kunyamaza kule si sifa.

Basi mwanangu, ukipewa kalamu umwandike mtu wetu, usimwoshe mara ya pili, keshaoshwa. Uliza katika nyumba tatu. Wasomee wenye habari kabla ya kuwasomea waombolezaji. Ukikuta aibu, usiikimbie. Kaa nayo, uulize kwa nini. Mkataa kwao ni mtumwa, na makosa ya kwao ni kwao pia. Nami mkiniandika, semeni niliwahi kuyapotosha maneno ya mama mzee aliyefiwa na wadogo zake, nikasahihishwa mbele ya watu.

Mungu akupe mkono usiotetemeka mbele ya jina la babu yako, na akujalie mtu wa kukusahihisha ungali hai. Amina.