Mndimu wa Bibi uliogoma kuzaa ndani ya geto langu, Kilwa Masoko

Wakuu, heshima zenu. Hili limenitokea mwenyewe, na ndimu yenyewe iko mezani hapa ninapoandika.

Napanga chumba kimoja Kilwa Masoko, uwanja sina.

Bibi yangu alihamia kwangu kutoka Nyangamara akiwa amekumbatia ndoo ya rangi yenye mche wa mndimu. Mti mama kijijini ulishakufa. Huu ndio pekee uliobaki kwetu.

Sharti lake: ukae ndani, pazia lishushwe.

Wakati wa Maji Maji, askari wa Mjerumani walipokuwa wakichoma mashamba, bibi yake Bibi alikimbilia porini na mche kama huu kwenye chungu. Akauficha ndani ya kibanda. Mmea uliopandwa ungeonekana, askari wangejua hapo pana watu. Vita ilipoisha, akaupanda nje.

Tangu hapo, kwetu mche wa ndimu hulelewa gizani kwanza.

(Kila nikiushika udongo wa ndoo hii, nahisi kama namshika mkono bibi huyo wa porini.)

Shida ni kwamba mimi sina pa kuuhamishia. Ulitoa maua, chumba kikanukia hadi jirani akauliza kuna harusi gani. Kisha yote yakapukutika. Msimu uliofuata, vilevile. Majani yakaanza kuwa njano.

"Bibi, unataka jua."

"Unataka adabu. Wewe wa juzi, utaujua mndimu?"

Ulipochanua tena, asubuhi moja Bibi aligusa ua, likamwangukia kiganjani. Akalitazama, kisha akaligeukia pazia.

"Hivi nani anatutafuta sasa?"

"Hakuna, Bibi."

"Basi fungua. Hao askari wenyewe walishakufa wote."

Nikasogeza ndoo dirishani. Bibi akachukua unyoya wa kuku, akapapasa ua hadi ua kuhamisha chavua, akiubembeleza kwa Kimwera kama mtoto mwenye homa. Baadaye nyuki nao wakaja.

Maua machache yakashika, yakawa ndimu.

Ndimu ya kwanza aliikamulia kwenye mchuzi wa samaki, akaonja, akafumba macho. "Ndiyo yenyewe." Mbegu akazifunga kwenye pindo la kanga.

Alhamdulillahi, wakuu. Nilichojifunza: mti wa ndani upe jua, na maua yake yasaidie kwa mkono. Na kilichowaokoa wazee, kishukuru, kisha ufungue dirisha.

Siku hizi wapita njia huchungulia. "Bibi, unauza hizo?"

"Siuzi. Ila tazameni, ruksa."

Nanyi mlio na michungwa au milimau ya ndoo, iligoma wapi, na mliibembelezaje?