Mwenyekiti wa Rooty Hill kwa Mabingwa wa Norwe

Niseme ukweli mapema: sikwenda Norwe kujifunza kitu. Nilikwenda kupiga picha. Nilikuwa mwenyekiti wa timu yetu ya mpira hapa Rooty Hill, Sydney, tangu siku ilipoanzishwa, na mwaka huu, katibu wetu Espérance, Mrundi anayetunza wazee kule Penrith, alisimama kwenye kikao akasema umefika wakati uongozi ubadilike. Wakenya wakampigia makofi. Wakongomani wenzangu wakaangalia simu zao. Wakenya wakaongeza waziwazi kwamba nisipotoka wataunda timu yao, na Warundi watawafuata. Mkutano mkuu ukapangwa ufanyike kabla ya ligi kuanza, nami nikarudi nyumbani nimevimba kwa hasira.

Dada yangu Mapendo anaishi Sildevik, mji mdogo wa wavuvi kaskazini kabisa mwa Norwe. Sote wawili tulitoka Uvira, Kongo, tukiwa wakimbizi. Yeye akapelekwa huko, mimi nikaletwa Sydney. Mji wake una klabu iliyowahi kuwa bingwa wa nchi nzima. Basi nikajiambia: nitaketi na mwenyekiti wa mabingwa, tupigwe picha tukishikana mikono, niirushe kwenye WhatsApp ya timu, halafu tuone nani atanyoosha mkono kunipinga. Nikafungasha suti nyeusi, hotuba ya kurasa mbili, na zawadi ya saa ya ukutani yenye ramani ya Australia.

Jumatatu asubuhi, stesheni ya Rooty Hill. Mke wangu alinisindikiza hadi kwenye treni. Alipoona nimevaa tai tangu alfajiri akacheka.

"Baba Amani, Mapendo alisema kule iko theluji. Utaikanyaga na hivyo viatu?"

"Mwenyekiti hapokelewi na gambuti, mama."

"Haya. Ukianguka, uwe umevaa suti ya zamani."

Safari ni ndefu kuliko subira yangu. Ndege ya kwanza ilinifikisha Doha miguu imevimba, ya pili ikanishusha Oslo, na ya tatu, ndogo yenye mapangaboi mawili, ilipita juu ya milima myeupe hadi nikaanza kusali kwa sauti. Mzungu wa kiti cha pili akanipa peremende.

Jumatano mchana, Sildevik. Mapendo alikuwa ananingoja uwanja wa ndege na koti kubwa mkononi. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi, na tulilia bila aibu mbele ya watu. Mji wenyewe ni nyumba za mbao nyekundu na za manjano zilizobanana kati ya mlima na bahari. Kila mahali wameanika samaki kwenye miti mirefu, na harufu ile ilinikumbusha ndagala za kwetu zikikauka kando ya ziwa. Wakazi wote wangeweza kuketi katika uwanja mmoja wa Sydney na viti vikabaki. Nilipomuuliza dada yangu ni vipi mji wa namna hii ulizaa bingwa, aliniita yaya, maana mimi ndiye mkubwa wake, akasema:

"Yaya, ngoja kesho. Arne atakuonyesha. Huyo iko jirani yangu, na hiyo klabu anaijua kabisa."

Alhamisi, chumba cha klabu. Arne ni mzee mrefu aliyestaafu kazi ya kiwanda cha samaki. Kiingereza chake ni cha polepole kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri. Alinipitisha mbele ya picha za ukutani, moja baada ya nyingine, na mbele ya kila moja alivua kofia.

Klabu ilianzishwa na mafundi waliotengeneza mapipa ya samaki. Hawakuwa na kiwanja, maana hapo hakuna ardhi tambarare, basi wakavunja mwamba kwa nyundo baada ya saa za kazi mpaka wakapata mahali pa kuchezea. Majani hayakuota, wakacheza juu ya changarawe. Arne alipandisha suruali akanionyesha kovu la goti. Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kwamba zamani timu za kaskazini hazikuruhusiwa kucheza ligi kuu. Wakubwa wa kusini walisema kule ni mbali na baridi imezidi. Hawa watu wakafanya mazoezi vilevile, wakapiga theluji koleo vilevile, kwa ligi ambayo mlango wake ulikuwa umefungwa. Nilipofikiria jinsi timu yetu inavyoahirisha mazoezi kwa manyunyu, niliinamisha macho.

Mlango ulipofunguliwa waliingia, wakashuka, wakapanda tena. Walichukua kombe la taifa mbele ya timu kubwa ya mji mkuu, na Arne anasema siku ile mjini walibaki wagonjwa, manesi na polisi mmoja aliyekuwa amekasirika. Walicheza mashindano ya Ulaya na matajiri wa kusini mwa bara waliokuja wamevaa glavu, wakatoka nao sare. Mwisho wakatwaa ubingwa wa nchi, na wengi wa wachezaji wale walizaliwa mahali ambapo ukisimama unauona uwanja. Nilishangaa kwa moyo wote. Nilisahau picha yangu kwa muda, nikauliza maswali mpaka kahawa ikapoa.

Kwenye picha ya kombe, katikati, alisimama mwanaume mwenye suti. Nikasogea karibu.

"Huyu si wewe?"

"Ndiyo mimi," Arne akajibu. "Nilikuwa mwenyekiti." Akavaa kofia, akasema inabidi aende kuwasha mashine.

Jumamosi, saa nne asubuhi, uwanjani. Mapendo alikuwa ameniambia kwamba mwenyekiti wa sasa ni mwanamke anayeitwa Solveig, na kwamba atakuwepo. Nikavaa suti, nikabeba saa yangu, nikaingia chumba cha klabu, nikaketi kwenye kiti kinachotazama mlango. Kwetu mgeni mwenye cheo hajitembezi. Anaketi, anapewa soda, mtu wa itifaki anakuja kumwita. Nikangoja. Dirishani niliona watu wengi sana wakisukuma theluji nje ya uwanja: akina mama, vijana, padre wao, wachezaji wenyewe. Dada yangu naye alikuwamo. Nikadhani wanaandaa sherehe. Nikangoja saa nzima, soda haikuja.

Mwishowe mlango ukafunguliwa. Akaingia mama wa makamo, nywele zimelowa jasho, mkononi ana jozi ya glavu.

"Wewe ndiye kaka wa Mapendo? Mimi ni Solveig, mwenyekiti. Karibu sana." Nikasimama, nikafungua kurasa zangu mbili. Yeye akanipa glavu. "Tumebakiza upande wa goli la mashariki."

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi ilikuwa siku yangu ya nne, kwa hiyo hata sikuweza kulalamika.

Wana neno lao kwa kazi hiyo, dugnad, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Nilidhani ni kama salongo ya zamani kwetu, lakini salongo ilikuwa ya amri, na hapa sikumwona askari wala orodha ya wasiofika. Nilisukuma theluji kwa suti na tai hadi mgongo ukanibana. Mapendo akanipiga picha nimeegemea koleo, mdomo wazi, na kabla sijamzuia alikuwa ameshaituma Sydney. Simu yangu ikaanza kulia mfukoni. Mkenya mmoja aliandika: "Prezo ameshikishwa spade! Hii ni noma." Espérance hakuandika kitu, nami hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Saa nane mchana niliingia ndani kukausha viatu, nikamkuta Arne katika chumba cha kufulia, mikono ndani ya rundo la jezi. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamuuliza lililokuwa kooni.

"Ulikosa nini hata wakakushusha?"

Hakuelewa. Nikarudia taratibu.

"Sikukosa kitu. Muda wangu uliisha, akaja mwingine. Solveig naye ataondoka."

"Uliwaletea kombe, halafu unafua jezi?"

"Mtu lazima azifue." Akainua moja, akaigeuza kwenye mwanga, ikatoa maji ya matope. "Nilipokuwa mwenyekiti niliketi juu, sikuona vizuri. Sasa najua nani alikimbia na nani alitembea."

Akacheka mwenyewe. Mimi sikucheka. Nilikuwa najiuliza ni nani anayefua jezi zetu Rooty Hill, na sikujua. Nimeongoza timu miaka yote hiyo, na sikujua.

Jumatano iliyofuata niliagana na Mapendo. Saa ya ukutani niliiacha kwa Arne, naye akaitundika juu ya mashine ya kufulia. Hotuba sikuisoma popote.

Jumapili alasiri baada ya ibada, ukumbi wa Rooty Hill. Kwenye mkutano niliomba nizungumze kwanza, na watu wakajiandaa kwa ugomvi. Nikauliza ni nani anayefua jezi. Kisha Espérance akasema, bila kuniangalia:

"Ni mimi, Mzee. Kila wiki, nikitoka shift."

Nikasema sigombei. Nikasema pia, mbele ya wote, kwamba siku ile ya kikao nilimwita Espérance binti asiye na adabu, na kwamba nilikosea. Nikakaa chini. Hakuna aliyeondoka kuunda timu nyingine. Mikono ikanyooshwa, Espérance akapita, na jambo lake la kwanza lilikuwa kuuliza nani atachora mistari ya uwanja kabla ya mechi. Wote wakaangalia simu zao, nami nikanyoosha mkono.

Niliyojifunza kwa wale watu si siri kubwa. Nilidhani klabu inakuwa kubwa kwa sababu ya aliyeketi mbele. Sildevik imekuwa kubwa kwa sababu pale hakuna mtu ambaye kazi inamshusha cheo. Kulisema ni rahisi. Kulitenda kuliniuma, na bado kunaniuma siku nyingine.

Jumamosi ya kwanza ya ligi nilifika mapema, nikasukuma kigari cha rangi kutoka kibendera cha kona hadi kingine. Espérance alikuja akiwa amebeba jezi zilizokunjwa, akasimama, akafuata mstari kwa macho.

"Baba Amani," akasema kwa upole, "umepinda."

Nikageuka, nikautazama. Ulikuwa umepinda kweli.

"Ndiyo, mwenyekiti," nikamjibu, nikaurudia.