Koti Lililonipeleka Kibati

Nilitoka nyumbani, mtaa wa Majengo, kwa ajili ya mama yangu. Vita vilimkuta kwake Rumangabo, akakimbia na majirani hadi kwenye kambi ya Kibati, na sasa habari zilisema wapiganaji wanateremka upande huohuo. Nilitaka alale kwangu kabla barabara haijafungwa.

Jirani yangu Papa Kasereka, mfanyabiashara mwenye jibu la kila jambo la serikali, alinizuia mlangoni.

"Inchi yetu inateseka sababu haiogopewe," alisema. "Kila mutu anaingia tu. Na weye, mwalimu, ukienda na hiyo sura yako, watakurudisha kwa bariere ya kwanza."

Akanivisha koti lake refu la kijani lenye vifungo vya shaba, na miwani myeusi. Nilijitazama kwenye kioo nikajiogopa kidogo. Nakiri nilifurahi.

Saa mbili asubuhi nilianza safari na Bahati, mwenye chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba makaa na viazi. Kwenda Kibati ni mlima, kwa hiyo yeye alisukuma na mimi nikatangulia, mikono nyuma, tumbo mbele.

Kwenye bariere, kizuizi cha kamba iliyokatiza barabara, askari aliruka kutoka kwenye jiwe alilokalia. "Heshima, koloneli!" Alinidhania kanali wa jeshi. Sikumjibu, maana niliamini wakubwa hawajibu. Akaiangusha kamba chini haraka, tukapita. Nilimwambia Bahati kwamba sasa nimeelewa jinsi nchi inavyopaswa kuendeshwa.

"Ndiyo, koloneli," alisema huku akihema.

Saa tano tulifika Kibati. Kambi ilijaa kelele na harufu ya maharage. Nilipoingia kati ya mahema, kelele zikakatika. Wanaume walitoweka migombani, wanawake wakaacha sufuria motoni. Nilibaki na mbuzi mmoja, naye hakuniamini.

"Namtafuta Mama Muhindo!" nilipaza sauti. Kimya. Nikapaza zaidi, kimya kikazidi. Hapo hofu ikanishika mimi. Nilikuwa nimepewa njia yote, na hakuna mtu wa kunionyesha mama yangu.

Nilivua koti na miwani, nikachuchumaa kukoroga maharage ya watu yaliyoanza kuungua. Baada ya muda mwanamke mmoja alichungulia.

"Papa, unakoroga mubaya," alisema.

Nyuma yake akatokea Mama, tope hadi magotini.

"Mama, hukunitambua?"

"Nilikujua, mutoto yangu. Nilikuona tangu kule kwa barabara. Lakini makoti kama ile nilishakimbia mara tatu. Miguu haikuningojea."

Nililia mbele ya Bahati bila aibu.

Kurudi ni mteremko. Mama alikaa juu ya chukudu, koti limekunjwa chini yake. Askari yuleyule alinikazia macho.

"Uko na ndugu mwenye ni koloneli?"

"Hapana," nilisema.

"Mutoto, umekula?" Mama alimuuliza, akampa kiazi cha kuchemsha. Askari aliondoa kofia, akaishika kamba kwa mikono miwili na kuiinua juu sana, isiguse kitambaa cha Mama.

Jioni tulikuwa Majengo. Nilichojifunza ni kwamba nchi inaweza kuogopwa na watu wake hadi wakaikimbia hata siku inapokuja kuwaokoa. Mama anakaa chumba cha nyuma. Kila nirudipo kazini, kabla ya kuingia nyumbani mwangu mwenyewe, napiga hodi, nataja jina langu, nasubiri aniambie karibu.